Tembo wa Tabora: sarafu ya dhahabu ya 1916 na wenzake wa Marekani

Sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ina uzito wa gramu 7.168 na upana wa milimita 22. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili amesimama tembo aliyenyanyua mkonga, mlima ukionekana nyuma yake, na pamoja naye zimeandikwa tarakimu za mwaka na herufi T, alama ya Tabora. Zilipigwa 16,198 tu, ndani ya miezi michache, katika mji uliokuwa ukisubiri kuvamiwa. Hakuna sarafu nyingine ya dhahabu ya zama hizi inayojulikana kupigwa katika ardhi ya Tanzania Bara.

Katika Galula na vijiji jirani vya Wilaya ya Songwe, dhahabu hujulikana kwa gramu. Mchimbaji mdogo wa Saza au Mkwajuni akipeleka kipande chake sokoni, mnunuzi huuliza mambo mawili: uzito gani, na usafi kiasi gani. Vidole vilivyokiokota kipande hicho, duara kilikotoka na mwaka kilipopatikana haviongezi hata shilingi kwenye bei. Sarafu ya zamani hufuata hesabu nyingine kabisa. Dhahabu iliyomo ndani ya tembo wa Tabora ikikatwa na kuyeyushwa ni gramu tano na ushei, lakini wakusanyaji wa sarafu huinunua kwa bei inayozidi mara kadhaa thamani ya dhahabu hiyo. Tofauti hiyo inalipia jinsi sarafu ilivyotengenezwa, zimesalia ngapi, na nini kilizipata zile nyingine.

Sarafu za dhahabu hazikuanza na Mjerumani katika pwani hii. Kilwa Kisiwani, iliyotajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla. Nyingi zilikuwa za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina, jina la sultani upande mmoja likikamilisha mizani ya maneno ya upande wa pili. Za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331, zinajulikana pia chache mno za dhahabu. Hesabu yake ni ya vidole vya mkono. Baadaye sana, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliagiza Ubelgiji sarafu zenye mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882: pesa za shaba, riyali za madini ya fedha, na dhahabu za riyali mbili na nusu na riyali tano. Hizo za dhahabu nazo ni adimu kupita kiasi.

Wajerumani walipoingia waliikuta rupia ya Kihindi ikitawala biashara ya pwani, na hawakuthubutu kuiondoa. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, zenye uzito uleule wa rupia ya India, gramu 11.66 za madini ya fedha, ila badala ya malkia wa Uingereza zilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni, iliyokuwa imekwisha kuichukua haki hiyo kutoka kwa kampuni, ilitoa sarafu mpya zenye jina la koloni na kuigawa rupia katika heller 100. Neno hilo halikuondoka tena: kila mtu anayesema hana hela leo anaitaja sarafu ya Kijerumani ya miaka ile. Thamani ya rupia ilifungwa kwenye marki, rupia 15 zikiwa sawa na marki 20. Kiwango hicho ndicho kilichokuja kuzaa tembo wa Tabora.

Sarafu zote za koloni zilipigwa Ujerumani, mjini Berlin na Hamburg, na kuletwa kwa meli. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914 mpango huo ulivunjika. Manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915 baada ya kupigwa mizinga. Meli mbili tu za shehena ziliweza kupenya kutoka Ulaya katika vita nzima. Hazikuja kuleta sarafu.

Serikali ilihitaji malipo ya askari, wapagazi, wakulima waliouza nafaka na wafanyakazi wa reli. Ikachapisha noti za muda, kwanza Dar es Salaam, baadaye Tabora, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1917, majeshi yaliporudi nyuma hadi porini, zilichapwa hata noti kwa mihuri ya mpira, ambazo wakusanyaji wa leo huziita noti za porini. Lakini karatasi haikuaminika, hasa kwa watu waliojua kwamba serikali iliyoitoa inarudi nyuma. Kila aliyepata rupia ya madini ya fedha aliifukia, na kadiri zilivyofukiwa ndivyo sokoni zilivyozidi kukauka. Ikawa lazima kupiga sarafu papo hapo.

Tabora ilifaa kwa sababu mbili. Reli ya Kati ilikuwa imeufikia mji huo mwaka 1912, na pamoja na reli zilikuja karakana zenye tanuri, mashine za kukandamiza na mafundi. Pili, Gavana Heinrich Schnee na ofisi zake walikuwa wamehamia bara, mbali na mizinga ya manowari. Kazi ilianza na chenji: sarafu za heller 5 na heller 20 za shaba na shaba nyeupe, zilizoyeyushwa kutoka kwenye maganda ya risasi na vyuma vingine chakavu vya vita na vya karakana. Heller 20 za Tabora zilipigwa zaidi ya milioni moja. Zinaonekana ovyo ukizilinganisha na za Berlin, zimekaa upande, herufi zake nene hapa na nyembamba pale. Na ndizo zinazosema kweli zaidi kuhusu mwaka huo kuliko picha nyingi za majenerali.

Kisha ikaja dhahabu. Sekenke, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida ya leo, palikuwa na mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu katika koloni, uliokuwa umeanza uzalishaji miaka michache kabla ya vita. Pwani ilipofungwa, dhahabu ya Sekenke ilikosa pa kwenda. Haikuweza kusafirishwa Ujerumani, wala haikuweza kuliwa. Mtu aliyeufahamu mgodi huo, mwanajiolojia Friedrich Schumacher, ambaye baadaye alikuwa profesa wa chuo cha madini cha Freiberg, alisimamia upigaji wa sarafu Tabora. Chapa za chuma za kugongea zilichongwa na fundi wa dhahabu kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka. Hivyo sarafu ya Kijerumani yenye tembo wa Kiafrika ilipita mikononi mwa sonara wa Kiasia, jambo ambalo kwa Tabora ya wakati ule, mji wa njia panda za misafara, halikuwa geni.

Kupiga sarafu kunahitaji hatua ambazo sonara yeyote wa Mkwajuni au Tunduma angezitambua. Dhahabu huyeyushwa pamoja na madini mengine ili iwe ngumu, kwa sababu dhahabu safi ni laini na ingelika haraka mikononi. Humiminwa iwe mapande bapa, ambayo hupitishwa kwenye rola hadi yafikie unene unaotakiwa. Kutoka kwenye mapande hayo hukatwa viduara vitupu. Kila kiduara hupimwa: kizito mno husuguliwa ukingoni, chepesi mno hurudishwa kwenye chungu. Kinachopita huwekwa kati ya chapa mbili na kukandamizwa kwa nguvu kubwa mara moja, picha za pande zote mbili zikitokea kwa pigo lile lile. Katika kiwanda cha Berlin kazi hizo zilifanywa na mashine zilizoundwa kwa kazi hiyo tu. Tabora walitumia vyombo vya karakana ya reli, vilivyogeuzwa kazi. Ndiyo maana sarafu za tembo hazilingani kabisa moja na nyingine, na baadhi zina dosari ambazo chuma cha chapa kiliziacha.

Chapa zenyewe zilikuwa za namna mbili, na tofauti ni ndogo sana. Upande wenye neno OSTAFRIKA kuna nakshi ya majani iliyozunguka. Katika sarafu 9,803 ncha ya nakshi hiyo ya kulia inaishia chini ya herufi T ya neno hilo, na katika 6,395 inaishia chini ya herufi A ya kwanza. Mtu asiyejali angeipita tofauti hiyo bila kuiona. Mkusanyaji huchukua kioo cha kukuzia na kuitafuta kwanza kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu inamwambia sarafu iliyo mkononi mwake ilitoka chini ya chapa ipi.

Hesabu ya dhahabu yake inastahili kutazamwa taratibu. Sarafu ya Ujerumani ya marki 20, iliyokuwa sawa kisheria na rupia 15, ilibeba gramu 7.168 za dhahabu safi. Sarafu ya Tabora nayo ina uzito wa gramu 7.168, tarakimu zile zile, lakini huo ni uzito wote, na dhahabu safi ni robo tatu tu, yaani karati 18. Robo tatu ya 7.168 ni gramu 5.376. Aliyepokea sarafu hiyo alipewa ahadi ya thamani ya marki 20 na dhahabu iliyopungua kwa robo. Hata hivyo, ikilinganishwa na noti iliyochapwa kwa haraka, gramu tano za dhahabu zilikuwa jambo la kushika. Noti ingekufa na serikali yake. Dhahabu ingebaki dhahabu, yeyote atakayetawala.

Na serikali ilikuwa inakufa. Mwishoni mwa Mei 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Northey vilivuka kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini na kuuteka mji wa Neu-Langenburg, Tukuyu ya leo. Kwa hiyo eneo la Mbeya na Songwe lilianza kutoka mikononi mwa Wajerumani mwaka ule ule tembo alipokuwa akipigwa, na nafasi ya sarafu hiyo kuzunguka Bonde la Rukwa ilikuwa finyu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, yakiongozwa na Charles Tombeur, yaliingia Tabora. Upigaji ulikuwa umekwisha. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, waliendelea kupigana wakizunguka hadi Msumbiji, na Novemba 1918 walipita karibu na mahali Tunduma ilipo leo, wakavuka kwenda Fife na Kasama, kabla ya kuweka silaha chini Abercorn, Mbala ya sasa. Askari wale hawakubeba tembo wa dhahabu mifukoni. Mishahara yao ilikuwa imegeuka deni.

Sarafu 16,198 zilitawanyika. Nyingine zilifichwa, nyingine zilichukuliwa na maofisa wa majeshi yaliyoshinda kama kumbukumbu, nyingine zilifika kwa masonara na kugeuka bangili na pete. Zilizobaki ziko zaidi katika makusanyo ya Ulaya na Marekani. Kwa nchi ambako dhahabu yake ilichimbwa, hilo ni jambo la kusikitisha.

Ili kuelewa kwa nini sarafu ya karakana inathaminiwa hivyo, inafaa kutazama upande wa pili wa dunia, ambako miaka michache kabla ya Tabora taifa tajiri lilikuwa likipiga dhahabu kwa anasa. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliziona sarafu za nchi yake kuwa mbaya, akamwomba mchongaji mashuhuri Augustus Saint-Gaudens azichore upya. Saint-Gaudens, aliyekuwa mgonjwa, alichora sarafu ya dola 20 yenye mwanamke anayewakilisha Uhuru akitembea kuelekea mtazamaji, mwenge mkono mmoja na tawi la mzeituni mkono wa pili, na nyuma yake tai akipaa juu ya jua. Alikufa Agosti 1907 kabla ya kuiona mikononi mwa watu.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa umeinuka mno. Pigo moja la mashine halikutosha kuijaza picha. Ililazimu kila sarafu igongwe mara kadhaa, na zilipokamilika hazikuweza kupangwa mezani moja juu ya nyingine, jambo ambalo mabenki hayakulivumilia. Sarafu zaidi ya 12,000 zilipigwa hivyo mwaka 1907, mwaka ukiandikwa kwa tarakimu za Kirumi, MCMVII. Kisha Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha Philadelphia, aliipunguza kimo picha ili mashine iweze kuimaliza kwa pigo moja. Roosevelt pia alikuwa ameyaondoa maneno ya kumtumaini Mungu, akiamini kuyaandika kwenye pesa ni kuyadhalilisha. Bunge halikukubali, na mwaka 1908 likaamuru yarudishwe. Mwaka huo huo zilitoka dola mbili na nusu na dola tano za Bela Lyon Pratt, zenye sura ya Mhindi Mwekundu iliyozama ndani ya uso wa sarafu badala ya kuinuka. Watu walilalamika kwamba mashimo hayo yatakusanya uchafu na kueneza maradhi. Leo ni miongoni mwa sarafu zinazopendwa sana.

Marekani nayo ilitumia herufi kama T ya Tabora. Sarafu za Denver, kiwanda kilichoanza kupiga sarafu mwaka 1906, zina D. Za San Francisco zina S. Za New Orleans, hadi 1909, zina O. Za Philadelphia hazikuwa na herufi. Tofauti hiyo ya alama moja ndogo inaweza kuigeuza sarafu ya kawaida kuwa ya mamilioni. Mwaka 1924 Philadelphia ilipiga dola 20 zipatazo milioni 4.3, na zimebaki nyingi sana, kiasi kwamba bei yake haiko mbali na thamani ya dhahabu yake. Mwaka 1927 Denver ilipiga 180,000, idadi ambayo kwa Tabora ingekuwa bahari. Zinazojulikana kuwapo leo hazifiki 20.

Kilichotokea kati ya 1927 na leo ni agizo la Rais Franklin Roosevelt la tarehe 5 Aprili 1933. Nchi ilikuwa imezama katika mdororo wa uchumi, na raia waliamriwa kuirudisha dhahabu yao kwa benki. Agizo liliruhusu kila mtu abaki na sarafu za dola 100, na likasamehe pia sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji. Kifungu hicho kifupi kiliokoa mengi. Sarafu zilizorudishwa, pamoja na zile zilizokuwa bado kwenye hazina, ziliyeyushwa kuwa mikuo, na nyingi ya mikuo hiyo ikaenda kulala katika ghala la Fort Knox, jimbo la Kentucky. Dola 20 zenye mwaka 1933 zilikuwa zimepigwa 445,500, lakini hazikutolewa rasmi, na karibu zote ziliyeyushwa. Chache zilitoroka kiwandani. Moja ilifika mikononi mwa Mfalme Farouk wa Misri kwa kibali cha serikali, na baada ya safari ndefu ndiyo pekee iliyokubaliwa kumilikiwa na mtu binafsi. Iliuzwa katika mnada wa New York mwaka 2002 kwa dola milioni 7.59, na tena mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 18.9. Dhahabu yake ni sawasawa na ya sarafu ya 1924.

Maamuzi ya Washington hayakuishia Washington. Januari 1934 serikali ya Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Uingereza ilikuwa imekwisha kuacha kufunga paundi yake kwenye dhahabu mwaka 1931, kwa hiyo bei katika makoloni yake ilikuwa tayari imeanza kupanda. Katika milima iliyo juu ya Galula, bonde la mto Lupa lilikuwa limevutia wachimbaji tangu dhahabu ya mchangani ilipogunduliwa huko mwaka 1922, na mji wa Mbeya ulikuwa umezaliwa kutokana na mkumbo huo mwaka 1927. Bei mpya ziliwaleta wachimbaji wengi zaidi. Mwamba ambao zamani usingelipa gharama za kuupasua sasa ulilipa, na mwaka 1939 mgodi wa New Saza ulianza, ukaendelea hadi 1956. Saza hiyo hiyo leo iko katika Wilaya ya Songwe, iliyokuwa sehemu ya Chunya kabla mkoa mpya wa Songwe haujaundwa mwaka 2016, na ndiko uliko mgodi wa New Luika ulioanza uzalishaji mwaka 2012. Kwa maneno mengine, sera ile ile ya dhahabu iliyozifanya dola 20 za 1927 kuwa adimu huko Marekani iliongeza makarasha huku Lupa.

Ukusanyaji wenyewe, kwa mtu anayetaka kuujua, huanza na kanuni moja ambayo wengi huivunja kwa nia njema: sarafu ya kale haisafishwi. Kuisugua kwa mchanga, majivu, dawa ya meno au limau huondoa uso wake wa asili, na mnunuzi mzoefu huona mikwaruzo hiyo kwa kioo cha kukuzia mara moja. Hali ya sarafu hupangwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, ambapo 70 ni sarafu isiyo na doa hata kidogo, na sarafu za 60 kwenda juu ni zile ambazo hazijawahi kutumika sokoni. Kati ya daraja moja na jingine bei huweza kuongezeka maradufu.

Kupima ukweli wa sarafu kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kupima dhahabu ya kuuza. Tindikali ya sonara, inayotosha kabisa kwa kipande kutoka kwenye duara, huacha kovu kwenye sarafu. Njia salama ni ya maji. Sarafu hupimwa kwanza hewani kwa mizani nyeti, kisha huning'inizwa kwa uzi ndani ya maji na kupimwa tena. Dola 20 ya kweli, yenye gramu 33.436 na usafi wa sehemu 900 kwa 1,000, hupungua karibu gramu 1.9 ikiwa majini. Kipande cha shaba nyeupe chenye uzito ule ule hupungua karibu gramu 4. Mashine za mionzi zinazotumika kupima usafi wa dhahabu katika masoko ya madini, yaliyoanzishwa nchini tangu 2019, nazo hazikwaruzi. Kwa tembo wa Tabora zinapaswa kuonyesha karibu asilimia 75 ya dhahabu. Hata hivyo mashine hiyo huona ngozi ya juu tu, na waghushi wa tembo wanalijua hilo. Ndiyo maana nakshi, umbo la herufi na ukingo wake hulinganishwa na picha za sarafu za kweli.

Mkanganyiko mkubwa nchini hutokana na rangi. Heller 20 ya shaba nyeupe ya 1916, yenye T, ikisuguliwa hung'aa kama dhahabu, na mara nyingi hupokelewa hivyo na watu waliosikia habari za mali za Mjerumani zilizofukiwa. Tofauti ni rahisi: heller haina tembo, ni pana zaidi, na thamani yake imeandikwa wazi kuwa 20. Rupia ya madini ya fedha nayo ni sarafu ya kuheshimika, lakini zilipigwa kwa wingi na hazina dawa wala zebaki ndani yake, licha ya uvumi uliowagharimu watu wengi akiba zao. Kwa vitu vya kale zaidi, kama sarafu za Kilwa, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: vinavyopatikana ardhini si mali ya kuuza kwa mpita njia, wala havitoki nchini bila kibali.

Tanzania huru nayo imekuwa na dhahabu yake ya kukusanywa. Mwaka 1974, katika mfululizo wa kimataifa wa sarafu za kuhifadhi wanyamapori, ilitolewa sarafu ya shilingi 1,500 yenye Mwalimu Julius Nyerere upande mmoja na duma upande wa pili, idadi yake ikiwa maelfu machache tu. Mwaka huo huo, tarehe 31 Desemba, raia wa Marekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu bila masharti ya 1933. Uzito uliochaguliwa kwa duma ni gramu 33.437, na usafi wake ni sehemu 900 kwa 1,000. Mkusanyaji akimweka duma huyo upande mmoja wa mizani na mwanamke wa Saint-Gaudens upande wa pili, mizani hutulia katikati.